VS Code ama Google Drive: ipi inafanya nini, na kazi yako uiweke wapi

Juzi binamu yangu wa Busia kanitumia voisi ya dakika tatu. Amemaliza S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari), kapata laptopu ya mkono wa pili yenye RAM giga nne, anajifunza kutengeneza websaiti, na swali lake ni hili: "Kaka, kati ya VS Code na Google Drive niweke ipi? Bando nimebakiza giga moja tu, sitaki kuichezea." Nikacheka kwanza. Afu nikakumbuka na mimi niliwahi kuuliza kitu karibu hicho hicho na aliyenijibu alinipoteza kabisa, kwaiyo nimeona niandike yote mara moja badala ya kumrudishia voisi ishirini.

Ukienda soko la Owino pale Kampala, angalia wale mafundi nguo. Cherehani ndo inashona. Jioni ikifika, nguo za wateja zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli. Hujawahi kusikia fundi akiuliza kipi bora, cherehani ama sanduku. Sasa VS Code, ambayo ni edita, yaani programu ya kuandikia websaiti na programu nyingine, ni cherehani. Drive, huduma ya Google ya kutunza mafaili mtandaoni, ni sanduku, tena sanduku lenyewe liko nyumbani kwa mtu mwingine mbali huko, kila ukipeleka ama kutoa kitu unalipa boda, na hiyo nauli ya boda ndo bando.

Kabla sijaendelea, nikisema kodi humu ndani namaanisha ile mistari ya programu, siyo kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ingawa na ya URA imo kwenye hii stori, manake bando letu linabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipoondoka ule wa mitandao wa shilingi 200 kwa siku ulioanza 2018. Ndo maana humu nitakuwa nahesabu MB kama mama anavyohesabu vitunguu sokoni.

Kwa nini watu wanazichanganya

Zote mbili zinakuonesha orodha ya mafaili, zote zinakuomba uingie na akaunti, na zote zina namna yake ya kukwambia "imeshasevu". Mtu mgeni anaona ni ndugu. Fanya jaribio dogo uone tofauti kwa macho yako. Tengeneza faili liite salamu.html, weka mistari mitatu ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za websaiti), lifungue kwenye VS Code. Utaona rangi: tagi rangi yake, maandishi rangi yake. Futa alama moja ya nukuu tu uone, mstari mzima na inayofuata inabadilika rangi kama kinyonga, yaani inakupigia kelele kwamba kuna kitu hakijafungwa. Hilo hilo faili lipandishe Drive ulibonyeze. Itakuonesha maandishi, basi. Huwezi kurekebisha pale pale, wala haitakwambia umekosea wapi, kwa sababu siyo kazi yake. Yenyewe inajali tu faili lifike salama na kesho ulikute.

Binamu alikuwa ameshapata njia yake ya katikati, na hapo ndo palinifanya nisikie huruma. Kwa vile hakuwa na edita, alikuwa anaandika kodi kwenye programu ya kuandikia barua, ile ya mtandaoni, afu anakopi na kupesti. Wiki mbili menyu yake inakataa kukaa sawa. Nikamwambia nitumie faili nilione. Yeye aliandika class="menyu" lakini ile programu ikampambia zile nukuu zikawa zimejikunja, hivi: class=“menyu”. Kwa jicho la haraka huoni kitu. Brauza lakini inazichukua zile nukuu zilizojikunja kama sehemu ya jina, kwaiyo CSS (ile kodi ya kupamba ukurasa) inatafuta menyu, haioni menyu, inaona “menyu”. Wiki mbili za maisha ya mtu kwa sababu ya alama mbili! Edita ya kodi haiwezi kukufanyia hivo, inaacha kila herufi kama ulivyoibonyeza. Kwaiyo jibu la kwanza la "niweke ipi" ni hilo: kama unaandika kodi, edita haina mbadala, iweke kwanza. VS Code ni ya bure, inatengenezwa na Microsoft tangu 2015, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na kuishusha ni kama MB 100 hivi, kwaiyo ile giga ya binamu inatosha na chenji inabaki.

Laptopu ya giga nne itahema kidogo, sitakudanganya. Usijaze ekstensheni (vinyongeza vya VS Code), weka mbili tatu unazozitumia, na funga tabu za brauza wakati unafanya kazi.

Kuingia na akaunti haimaanishi kazi yako imehifadhiwa

Hili nalirudia kwa kila kijana ninayemfundisha na bado kuna watakaolia. Ndani ya VS Code kuna sehemu ya kuingia na akaunti ya GitHub (tovuti ya kutunza kodi mtandaoni) ama ya Microsoft, na kuna kitu kinaitwa Settings Sync. Watu wanabonyeza, wanaona jina lao limetokea pale chini, wanalala wakijua kazi iko salama. Hapana jamani. Kinachopelekwa juu ni setingi zako, rangi uliyochagua, vifupisho vya kibodi, orodha ya ekstensheni. Mafaili yako hayaendi popote. Yako kwenye diski ya hiyo laptopu tu, na siku mtu akikuvutia begi pale Old Taxi Park, cherehani mpya utaipata bure ndani ya dakika kumi lakini nguo za wateja zimekwenda.

Na kinyume chake pia. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kama siku tano hivi. Aliyekuwa na kazi yake yote kwenye Drive, bila kopi kwenye mashine, alikaa anaangalia ukuta. Aliyekuwa na VS Code na folda kwenye diski aliendelea kufanya kazi kama kawaida, manake edita haihitaji intaneti hata tone, isipokuwa unaposhusha ekstensheni ama kupata toleo jipya. Kwaiyo usimwamini mmoja peke yake.

Nafasi na hesabu zake

VS Code haina habari ya nafasi, nafasi ni ya diski yako. Upande wa masanduku: Google Drive inakupa giga 15 za bure, OneDrive giga 5, Dropbox giga 2. Hizo 15 zinavutia, ila kumbuka zinagawanywa na Gmail pamoja na picha zako za Google Photos, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humo humo. Nimeona mtu analalamika Drive imejaa na hajaweka faili hata moja la kazi, kumbe ni video za harusi za kwenye WhatsApp. Na ikijaa hata imeili hupokei, kwaiyo mteja anakuandikia wewe huoni, anadhani umemkimbia.

Historia je? Drive inakuwekea matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30 ama matoleo 100, na ukifuta kitu kinakaa kwenye takataka siku 30 afu kinapotea moja kwa moja. VS Code nayo ina historia yake ambayo wengi hawaijui: chini ya orodha ya mafaili kuna sehemu imeandikwa Timeline, bonyeza uone, kila uliposevu kuna kopi, hadi kopi 50 kwa kila faili. Imeniokoa zaidi ya mara moja. Lakini ni kopi za humo humo kwenye laptopu, laptopu ikienda nazo zinaenda.

Mtego: usiweke folda ya kodi ndani ya folda inayosinki (inayojipandisha mtandaoni yenyewe)

Sasa hapa ndo nilipopotezwa mimi. Nikiwa nakaa Kikoni, rafiki akaniambia ujanja ni rahisi, weka ile programu ya sanduku la mtandaoni kwenye laptopu (huduma yenyewe siitaji, na kosa lilikuwa langu), afu folda ya mradi iweke ndani yake, ukiandika kwenye VS Code inajipeleka juu yenyewe. Nikaona safi sana, mbili kwa moja. Usiku mmoja nikaandika npm install kwenye mradi wa React (nyenzo ya kutengenezea websaiti), nikaacha mashine inafanya kazi nikaenda kununua rolex (chapati ya mayai) pale chini. Kama hujui, npm ni programu ya kushusha vipande vya kodi vilivyoandikwa na wengine, inakushushia folda inayoitwa node_modules, ndani yake kuna mafaili madogo madogo maelfu kwa maelfu. Ile programu ya kusinki ikaona mafaili mapya, ikaanza kuyapandisha moja moja, kila faili safari yake ya boda. Asubuhi bando ya mwezi imeisha, feni ya laptopu inalia, na kupandisha kwenyewe hakujafika hata nusu.

Hiyo ilikuwa hasara ya pesa tu. Hasara ya kweli ilikuja nilipofungua mradi huo huo kwenye kompyuta ya kafe. Git, ambayo ndo inatunza historia ya kodi, ina folda yake iliyofichwa inaitwa .git, na humo ndani inaandika na kufuta vifaili vidogo kwa haraka sana. Kusinki hakujui hivo vifaili vinategemeana, kunabeba kimoja leo kingine kesho, na mashine mbili zikiandika pamoja kunatengeneza kopi mbili zenye majina tofauti. Nikaandika git status nikajibiwa "bad object HEAD". Historia ya miezi miwili, kwaheri. Kodi yenyewe niliipata, lakini nilivyofika pale hatua kwa hatua sikuweza kurudi nyuma tena.

Kwaiyo ukisikia mtu anasema "mi naweka mradi wangu ndani ya Drive na hakuna shida", mwambie bado haijamkuta.

Jinsi ya kupanga, hatua kwa hatua

Kwanza tengeneza folda nje ya kila kitu kinachosinki. Mimi yangu naiita kazi, iko C:\kazi, na kila mradi una folda yake ndani. Epuka Desktop na Documents kwenye Windows, manake OneDrive mara nyingi inakuwa imeshazishika bila wewe kujua, angalia kama kuna kialama cha wingu ama tiki ya kijani kwenye mafaili.

Afu kwenye VS Code nenda File, Open Folder, fungua folda nzima ya mradi, siyo faili moja moja. Rudi File uweke tiki kwenye Auto Save. Kwa sisi ambao stima inakatika bila hodi na betri ya laptopu imeshachoka, hii tiki usiiruke. Ukiacha kuandika sekunde moja tu inasevu yenyewe.

Hatua ya tatu ni Git. Sakinisha Git (ni programu tofauti, VS Code inaitumia tu, haiji nayo), afu jitambulishe mara moja:

git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "imeili yako"

Kisha ndani ya mradi, fungua Terminal, New Terminal (kidirisha cha kuandikia amri), na kabla ya kitu kingine chochote tengeneza faili linaitwa .gitignore, ndani yake andika mistari hii miwili:

node_modules
.env

Mstari wa kwanza unazuia yale maelfu ya vifaili. Wa pili unazuia faili ambalo watu wanaweka paswadi za databesi na funguo za kulipia kwa mobail mane. Fanya hivo kabla, siyo baadaye, kwa sababu paswadi ikishaingia kwenye historia ya Git, kulifuta faili hakuisaidii, iko kule nyuma mtu anaweza kuichimbua. Baada ya hapo:

git init
git add .
git commit -m "mwanzo"

Kila ukimaliza kitu kinachoeleweka, fomu imekubali, menyu imekaa, rudia add (kuchagua mafaili) na commit (kuyaweka kwenye historia) na maneno mafupi ya ulichofanya. Usingoje jioni.

Kupeleka juu tumia GitHub. Ndani ya VS Code kuna kidirisha cha Source Control, kina kitufe cha Publish, kitakuuliza repo (folda ya mradi pamoja na historia yake) iwe ya siri ama ya wazi. Ya mteja iwe ya siri, na repo za siri ni bure tangu 2019 kwaiyo hakuna kisingizio. Raha ya Git kwa mtu wa bando ni kwamba ukipushi, yaani ukipeleka juu, inapeleka tu kile ambacho kule juu hakipo, tena kimebanwa. Siku nzima ya kuandika mara nyingi ni KB chache, picha moja ya simu ni nzito kuliko wiki yako ya kodi.

Binamu akaniuliza hapo, "Sasa kaka, kama kuna GitHub, Drive ya nini?" Swali zuri. GitHub inakataa faili linalozidi MB 100, na hata madogo ya hapo Git haipendi vitu vizito visivyo maandishi, kila ukibadilisha picha inatunza kopi nzima, repo inanenepa mpaka kuishusha inakuwa adhabu. Na tena mteja wako mwenye gesti pale Jinja hataki kusikia habari za repo, anataka linki kwenye WhatsApp abonyeze aone picha za vyumba na rasimu ya nembo. Hapo ndo Drive inapoingia: picha asili, video, nembo, mkataba, risiti. Tengeneza folda moja kwa kila mteja, mgawie linki, na mpe ruhusa ya kuangalia tu, siyo ya kuhariri. Kama ndani kuna mkataba usichague ile ya kila mwenye linki, andika imeili yake, manake linki ya WhatsApp husafiri kuliko basi la Gulu.

Kwa kodi yenyewe pia Drive inafaa, lakini kama faili moja lililofungwa, siyo folda hai. Ndani ya mradi andika:

git bundle create duka.bundle --all

Hiyo inakutengenezea faili moja lenye kodi yote na historia yote, node_modules haimo. Lipandishe Drive kila Ijumaa ama siku unayopenda. Kama unataka kumpa mtu kodi tu bila historia, basi:

git archive --format=zip -o duka.zip HEAD

Na tofauti na kuzipu kwa mkono, hii inachukua tu vile ulivyokomiti, kwaiyo lile faili la paswadi halimfuati mteja.

Flashi usiitupe. Ni kopi ya tatu nzuri tu, haili bando, ila usiifanye ndo ya pekee. Drew Houston aliyeanzisha Dropbox na mwenzake mwaka 2007 mwenyewe husimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye basi kutoka Boston kwenda New York, laptopu anayo, flashi kaisahau nyumbani. Sisi huku hatuzisahau, tunazichomeka kafe zinarudi na virusi.

Wenye simu tu, ama mnaotumia kompyuta za shule ambazo hamruhusiwi kusakinisha kitu: fungueni vscode.dev kwenye brauza. Ni VS Code nyepesi, inafungua repo yako ya GitHub unarekebisha hapo hapo. Haina terminali kwaiyo npm na ndugu zake sahau, na kwenye kioo cha simu ni mateso, lakini kurekebisha neno moja la mteja ukiwa ndani ya taksi inatosha.

Jaribu kama inarudi

Hii hatua watu wanairuka. Chukua mashine nyingine, ya rafiki ama ya kafe, jifanye laptopu yako imeibiwa. Shusha lile duka.bundle kutoka Drive, afu:

git clone duka.bundle duka

Ingia kwenye folda, andika npm install, ona kama websaiti inasimama. Hapa npm itakula bando kwa sababu inashusha tena node_modules, kwaiyo fanyia penye waifai ya mtu. Kitu utakachogundua mara ya kwanza ni kwamba .env haipo, manake tuliizuia, na bila hiyo programu haiwaki. Kwaiyo zile paswadi ziandike kwenye programu ya kutunza paswadi ya simu yako, ama kwenye karatasi ndani ya kabati, siyo kwenye folda ya Drive uliyomgawia mteja.

Binamu alijaribu Jumamosi kwenye kompyuta ya kafe pale Busia. Ilikataa mara ya kwanza, alikuwa amesahau kukomiti folda ya picha. Akarudi nyumbani akakomiti, akatengeneza bundle upya, akarudi tena. Bando iliyobaki, anasema, ni MB 640.